Namuuguza baba kwa wajibu tu, mapenzi sina. Je, hapo kuna wema?

#1 Mtoto wa Tatu

Habari za jioni wakuu.

Baba alituacha nikiwa darasa la nne. Hakuaga. Alichukua redio na baiskeli, basi. Miaka 23 baadaye akaletwa nyumbani na bajaji, kapigwa kiharusi, upande wa kulia wote umelala. Mwanamke aliyekuwa akiishi naye hakushuka hata kutusalimia, alimlipa dereva akiwa ndani akaondoka naye.

Huu ni mwaka wa tatu namuuguza. Namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, usiku naamshwa na simu. Uji namlisha kwa kijiko, nusu unarudi kidevuni. Namwogesha, nambadilisha pampasi. Sijakosa siku hata moja, na sijawahi kusikia kitu moyoni. Chuki hakuna, huruma hakuna. Ni kama kufagia uwanja, unafagiwa kwa kuwa lazima ufagiwe.

Dada yangu anakuja mara moja kwa mwezi. Anamshika mkono, anamwimbia, analia. Mtaa mzima unasema yule ndiye mwenye moyo. Jumapili iliyopita mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni: "Mwanangu, bila upendo yote hayo ni bure." Jirani yangu aliyesoma falsafa chuoni aliposikia akacheka, akasema kuna Mjerumani mmoja angesema kinyume chake, kwamba dada hana lolote na mwenye wema ni mimi.

Nani yuko sahihi? Pole sitaki, nimeshapewa za kutosha. Nataka hoja.

#2 Kahawa Chungu

Navuta kiti. Wajuvi waje.

#3 Msomi wa Jioni

Mkuu, jirani yako anamsema Immanuel Kant, ila kamleta nusu.

Mwaka 1785 Kant alitoa kitabu chembamba cha kutafuta msingi wa maadili. Anaanza kwa kusema hakuna kitu, duniani wala nje ya dunia, kinachoweza kuitwa chema bila sharti lolote isipokuwa utashi mwema. Akili, ushujaa, mali, afya, vyote vinaweza kumfaa hata jambazi. Utulivu nao ni hivyo hivyo: jambazi mtulivu anatisha kuliko mwenye papara.

Halafu anatenganisha kutenda sawasawa na wajibu na kutenda kwa sababu ya wajibu. Mfano wake ni mwenye duka. Hampunji mteja asiyejua bei, hata mtoto akitumwa ananunua sawa na mtu mzima. Vizuri, lakini labda anafanya hivyo kwa kuwa biashara inataka jina zuri. Kitendo hakina kasoro, ila hatujajua chochote kuhusu moyo wa mwenye duka.

Mfano unaokuhusu wewe ni huu. Yupo mtu mwenye huruma ya kuzaliwa, raha yake ni kuona wenzake wana raha. Kant anasema mtu huyo asifiwe na atiwe moyo, ila thamani ya kimaadili hajaionyesha bado. Sasa tuseme anapatwa na majonzi yake mwenyewe, moyo unaingia ganzi, shida za watu hazimgusi tena. Kama hata hapo anajikokota kwenda kusaidia, kwa sababu tu ni wajibu, ndipo kitendo chake kina thamani halisi ya kimaadili kwa mara ya kwanza.

Na huyo mzee wa kanisa Kant ana jibu lake humo humo. Anasema amri ya kumpenda jirani, hata adui, haiwezi kuwa inadai hisia, maana hisia haiamrishiki. Kinachoamrishwa ni upendo wa vitendo. Uji, maji ya kuogea, kugeuza mgonjwa.

#4 Bi Mkubwa wa Tanga

Pole hutaki, basi chukua hongera. Nitarudi, nina chungu jikoni.

#5 Mangi Mstaafu

Huyo Kant angenikuta dukani tungegombana.

Nimeuza duka miaka 19. Mtoto wa miaka sita anakuja, hela kaikunja kwenye karatasi ya daftari, jasho tupu. "Mama kasema robo ya sukari na chumvi." Nampimia, chenji namwekea kiganjani, namfunga vidole kimoja kimoja, namwambia usifungue mpaka ufike kwa mama. Sijawahi kumdhulumu mtoto.

Kwa nini? Kwanza mama yake angekuja na kanga kiunoni. Pili baba yangu alinichapa siku niliyoongeza bei kwa mgeni, na kiboko kile nakisikia mpaka leo. Tatu naogopa Mungu. Nne, nikimtazama yule mtoto namwona wangu. Sasa Kant anataka nimtolee ipi? Ziko nne kwenye gunia moja, zimeshachanganyika kama mchele na chuya. Mimi mwenyewe mwenye gunia siwezi kuzichambua, yeye aliyekaa Ulaya anazichambuaje?

Msomi, nijibu hilo kabla hujampa mleta mada nishani.

#6 Msomi wa Jioni

Mangi, hapo Kant anakuunga mkono, utashangaa. Kitabu hicho hicho anakiri kwamba haiwezekani kabisa kuthibitisha kwa uhakika kuwa kuna kitendo hata kimoja kilichofanywa kwa wajibu mtupu. Tukijichunguza kwa undani, anasema, kila mara tunaikuta nafsi yetu tuipendayo imejificha mahali. Kwa hiyo gunia lako halimshtui. Swali lake ni jingine: zile sababu nne zikitoweka, mama mtaani hayupo, kiboko umekisahau, Mungu humwogopi, mtoto humpendi, bado utampa chenji kamili?

#7 Mangi Mstaafu

Nikifikia hapo nimeshafunga duka nimelala.

#8 Binti Kilindini

Salamu kutoka Mombasa.

Naona mwamkimbilia Kant kama vile ndiye wa mwisho kunena. David Hume, Mskoti, aliandika mwaka 1739 kwamba akili ni mtumwa wa hisia na haifai kuwa kitu kingine. Maana yake ni nyepesi. Akili ni kama taa ya gari, yaonyesha shimo liko wapi, lakini taa haisukumi gari. Kinachosukuma ni kutaka, kupenda, kuogopa, kuona haya.

Kwa hiyo mleta mada akisema "sisikii kitu" mimi simwamini. Mtu haamki saa nane usiku akageuza mgonjwa kwa nguvu ya hoja. Kuna kitu chamwamsha. Labda ni haya, labda ni kiburi cha kutotaka kufanana na baba aliyekimbia. Asilisikie jina lake ni jambo moja, kisiwepo ni jambo jingine.

#9 Mtoto wa Tatu

#8 hilo la kutotaka kufanana naye limenikaa. Sijui nikatae au nikubali. Endeleeni.

#10 Kichwa Maji

Mimi nilishasoma huyu mzee. Alisema ukitaka kuwa mwema wachukie kwanza marafiki zako, kisha wasaidie huku umekunja uso. Kwa hiyo mleta mada hongera, na mke wako je, naye unampikia kwa wajibu? 😂

#11 Msomi wa Jioni

Hapana, hapo umembambikia. Hayo ni dhihaka ya Friedrich Schiller, mshairi, kwenye beti za utani alizotoa na mshairi mwenzake Goethe mwaka 1796. Mtu analalamika: nawatumikia rafiki zangu kwa furaha, masikini mimi, kwa kuwa napenda kufanya hivyo basi sina wema. Anajibiwa hakuna njia nyingine, jitahidi kuwadharau, kisha ufanye kwa kinyongo unachoamriwa na wajibu. Watu wameicheka ile beti mpaka wakasahau ilikuwa utani, wakamtwisha Kant mwenyewe.

Kant hakusema furaha inaharibu. Alimchagua mtu mwenye ganzi kwa sababu kwake wajibu unaonekana peke yake. Mchana mshumaa unawaka vile vile, ila ukitaka kuuona unangoja giza.

#12 Kichwa Maji

Sawa mwalimu. Nimekaa chini.

#13 Ustadh wa Baraza

Assalaam alaykum.

Sisi swali hili tunalo tangu madrasa. Hadithi ya kwanza kabisa katika mkusanyiko wa Bukhari inasema matendo huhesabiwa kwa nia. Watu wawili wamesafiri safari moja, mmoja kwa ajili ya Mungu na Mtume, mwingine kwa ajili ya mwanamke anayetaka kumuoa, kila mmoja ana alichokikusudia. Ukitenda ili uonekane, hiyo ni riya, na riya inakula tendo kama mchwa anavyokula boriti: nje rangi ipo, ndani unga.

Na inasimuliwa kuhusu Rabia wa Basra, karne ya 8, alipita sokoni na mwenge mkono huu na ndoo ya maji mkono ule. Akaulizwa waenda wapi? Akasema naenda kuichoma pepo na kuuzima moto wa jahanamu, ili watu wamwabudu Mungu bila tamaa na bila hofu.

Kwa hiyo Mjerumani kaja nyuma ya foleni. Ila kuna tofauti na msiifiche. Kwa Rabia, ukiondoa tamaa na hofu kinachobaki ni mapenzi. Kwa Kant, kama nimewaelewa, kinachobaki ni sheria. Mimi hiyo sheria isiyo na mwenyewe siielewi.

#14 Nesi wa Zamu

Niseme kidogo, niko mapumziko.

Wodini miaka 26. Nimewaona wanaoanza kazi kwa huruma. Wiki ya kwanza wanalia na ndugu wa mgonjwa. Mwezi wa sita saa tisa usiku mgonjwa anaita mara ya kumi na moja, huruma imeshalala zamani. Anayenyanyuka ni yule mwenye desturi ya kunyanyuka. Mimi ukinilaza wodini nipe huyo.

Lakini nasema na la pili. Mgonjwa anajua. Kuna babu mmoja aliniambia, "Nesi, ukinishika mkono unaushika kama sahani." Nilikuwa nimemfanyia kila kitu sawasawa, dawa kwa wakati, shuka safi. Nilikasirika, nikaenda chumba cha dawa nikakaa kwenye ndoo. Alikuwa amesema kweli.

#15 Msomi wa Jioni

Nesi, umegusa hoja nzito ya kumpinga Kant. Mwaka 1976 mwanafalsafa Michael Stocker alitoa mfano ambao mpaka leo unafundishwa. Umelazwa hospitali, upweke umekushika, rafiki anakuja kukuona. Unafurahi, unamshukuru kwa kukujali. Anakujibu, hapana, usinishukuru, nimekuja kwa sababu ni wajibu wangu. Mwanzo unadhani ni unyenyekevu, kisha unagundua anasema kweli tupu. Je, zile ndizi alizoleta zitakuwa na ladha ile ile? (Ndizi ni zangu, Stocker hana.)

Mwaka huo huo Bernard Williams naye akauliza habari ya mtu anayeona watu wawili wanazama, mmoja ni mke wake. Anamwokoa mke. Akihitaji kwanza kujiuliza kama maadili yanaruhusu kumchagua mke katika hali kama hiyo, Williams anasema amefikiri wazo moja la ziada. Mke angetarajia wazo la mumewe liwe "ni mke wangu", nukta.

#16 Kahawa Chungu

Babu wa sahani kaniua kabisa. Nimeweka simu chini dakika tano.

#17 Mzalendo Mkavu

Mnamsujudia mzungu wa Berlin ambaye hata hakutuona sisi ni watu. Mwaka 1764 huyo huyo aliandika kuhusu mtu mmoja kwamba alikuwa mweusi tangu kichwani hadi miguuni, na huo ni ushahidi wa wazi kuwa alichosema ni upumbavu. Leo mnamfanya hakimu wa moyo wa Mtanzania anayemuogesha baba yake. Tuna utu wetu. John Mbiti, Mkenya, aliandika 1969: nipo kwa sababu tupo. Imetosha.

#18 Binti Kilindini

Maneno hayo aliyaandika, hakuna wa kumtetea. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba miaka 30 kabla, 1734, Anton Wilhelm Amo aliyezaliwa Axim, Ghana ya leo, alishatetea tasnifu yake ya falsafa kule Wittenberg, kisha akafundisha Halle na Jena. Ushahidi ulikuwapo Ujerumani penyewe.

Ila Berlin siyo. Kant alizaliwa Königsberg mwaka 1724 na kufa huko huko 1804. Leo mji unaitwa Kaliningrad, uko Urusi. Babake alikuwa fundi wa hatamu za farasi. Profesa hakutoka mbali na mji ule maisha yake yote.

#19 Msomi wa Jioni

Na kwa kuwa tumefika nyumbani kwake, niongeze kitu ambacho mleta mada atakipenda au kitamkera. Kant alikuwa na dada zake hapo hapo mjini. Waliomfahamu wameandika kwamba alikuwa akiwasaidia kwa pesa, lakini hakuwatembelea kwa zaidi ya miaka 20. Mji mmoja! Mwishoni, akiwa hoi, akili imechoka, ndipo dada yake mdogo akaletwa kumuuguza.

Mtumishi wake Martin Lampe alimtumikia karibu miaka 40. Alipoachishwa kazi mwaka 1802, Kant alijiandikia kikaratasi cha kujikumbusha kwamba jina la Lampe sasa lazima lisahaulike kabisa.

#20 Kichwa Maji

Anaandika ili akumbuke kusahau. Na nyie mkanikalisha chini 😂😂

#21 Mzee wa Maboksi

Nasoma huu uzi nikiwa kazini, Marekani, ghala la usiku. Hiyo #19 imenipiga.

Natuma nyumbani kila tarehe 3. Miaka 11 sijaruka mwezi. Ada za wadogo zangu, bati la nyumba ya mama, dawa ya presha. Mama kila nikipiga simu anasema "pesa imefika, asante, utakuja lini?" Nami nasema mwakani. Karatasi zangu zilishakaa sawa tangu 2019, kwa hiyo kisingizio sina.

Nilikuwa najiona mtoto mwema. Sasa najiuliza kama natuma ili nisiende.

#22 Bi Mkubwa wa Tanga

Chungu kimeiva, nimerudi.

Wewe wa maboksi kata tiketi, mengine utayafikiria ndani ya ndege.

Mleta mada, niseme la mtu mzima. Mnahangaika na Wajerumani, hakuna aliyetaja mtaa. Ungemwacha baba yako alale barazani ungesemwa mpaka kwa wajukuu. "Yule ndiye aliyemtelekeza mzazi." Binti yako angekosa mchumba. Hii ndiyo iliyotufanya tuuguze wakwe, mawifi, mashangazi waliotutukana. Mimi nimemuuguza mama mkwe miaka 4, mwanamke aliyenimwagia maji ya dagaa siku ya kwanza nilipoingia kwake. Sikumpenda, na wajibu wenu huo sikuujua. Nilijua watu wanatazama. Na siku alipokufa nililia mpaka nikazirai, mpaka leo sijui nilimlilia nani.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema kaa uupime.

#23 Ustadh wa Baraza

Bi Mkubwa, watu wanatazama ndiyo riya yenyewe hiyo.

#24 Bi Mkubwa wa Tanga

Ustadh mwanangu, mama mkwe wangu alikuwa msafi, kalishwa, na hakuwa na kidonda. Hiyo riya iliosha shuka ngapi?

#25 Ustadh wa Baraza

Nimepokea.

#26 Shahidi wa Pili

Naingia na upande wa giza. Adolf Eichmann, mpangaji wa treni zilizopeleka Wayahudi kwenye makambi ya kifo, akihojiwa kabla ya kesi yake kule Yerusalemu mwaka 1961 alisema ameishi maisha yake yote kwa kufuata wajibu kama Kant alivyoufundisha. Mahakamani akaulizwa, akaieleza kanuni ya Kant karibu sawasawa. Mtu asiyesikia kitu moyoni, anayetimiza ratiba bila kukosa siku. Samahani mleta mada, sikufananishi, ila tabia ya "nafanya kwa kuwa lazima" bila moyo ina historia.

#27 Msomi wa Jioni

Historia ipo, ila malizia. Hannah Arendt aliyeiandika kesi hiyo mwaka 1963 alionyesha kilichopotoshwa: Eichmann aliitoa akili yake mwenyewe akaweka utashi wa kiongozi mahali pake. Kant anasema kinyume. Sheria ya maadili unajitungia mwenyewe kwa kuuliza kama kanuni unayoifuata ungetaka iwe kanuni ya wote, na mtu usimfanye chombo tu cha kufikia malengo. Amri ya bosi haiingii humo hata kwa dirishani.

Na huruma nayo si mlinzi mzuri kiasi hicho. Barbara Herman, 1981, alitoa mfano: unapita usiku sana, unamkuta mtu anahangaika na mzigo mzito kwenye mlango wa nyuma wa jumba la sanaa. Moyo wako mwema unakusukuma, unamsaidia kubeba. Umemsaidia mwizi wa picha. Huruma ilikuwepo tele, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza "hili ni sawa?" Kwa Herman kazi ya wajibu ni hiyo, kukaa nyuma ya hisia kama mzani dukani. Si lazima uupande wewe mwenyewe kila siku.

#28 Mangi Mstaafu

Mzani umeniweka sawa kidogo. Lakini mzani nao unapinda, muulize mkaguzi wa vipimo.

#29 Binti Kilindini

Msomi, bado hujanijibu #8. Nini chasukuma? Mzani hausukumi.

#30 Msomi wa Jioni

Ni kweli nilikwepa. Kant alilijua tatizo hilo na mwaka 1788 akalirudia kwa kirefu. Jibu lake ni heshima. Anasema ipo hisia moja tu isiyotoka kwenye tumbo wala damu, inayozaliwa na akili yenyewe inapoiona sheria. Inashusha majivuno yetu. Mfano wake naupenda: mbele ya mtu wa kawaida, wa hali ya chini, ninayeona ana unyofu kuliko mimi, roho yangu inainama, nitake nisitake, hata nikiinua kichwa juu kiasi gani ili asisahau cheo changu.

Sasa kama heshima ni hisia, Hume anasema "si nilikuambia?" Kama si hisia, swali lako linarudi. Mimi nimesoma miaka na hapo huwa nakwama.

#31 Binti Kilindini

Basi twakwama wote. Afadhali umesema.

#32 Nesi wa Zamu

Nimetoka zamu. Msomi, nina swali la mtu asiyesoma hayo. Huyo Kant hakuwahi kusema kama moyo unaweza kufuata mikono? Maana babu wa sahani nilimshika tofauti baadaye. Sikuamua, ilitokea.

#33 Msomi wa Jioni

Alisema. Kitabu cha 1797, uzeeni. Anayetenda wema mara kwa mara na kuona umefanikiwa, mwisho huja akampenda kweli yule aliyemsaidia. Anaongeza kwamba tusikwepe vyumba vya wagonjwa wala magereza ya wadaiwa kwa kuogopa kuumia moyo, kwa sababu huko ndiko huruma inakolelewa, na kuilea ni wajibu nao.

Ndiyo, najua. Yeye mwenyewe na dada zake. Msianze.

#34 Mtoto wa Tatu

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni.

#8 na #22, nimejipima. Aibu ya mtaa sidhani, sisi ni wapangaji, tukihama leo hakuna atakayetukumbuka. Hilo la kutotaka kufanana naye lina ukweli. Lakini hata hilo usiku wa manane silisikii. Simu inalia, mikono inaenda.

#33, miaka mitatu mkuu. Kama upendo unakuja kwa kurudiarudia, kwangu umekosa nauli.

Leo asubuhi nilikuwa namnyoa. Mkono wake wa kushoto unafanya kazi, akanishika kiganja, wembe uko chini ya taya. Maneno yake yanatoka kama mtu mwenye pamba mdomoni, ila nilimwelewa. Akauliza, "Unanichukia?" Nikamwambia, "Inua kidevu." Akainua. Nikamaliza kunyoa.

Sijui kwa nini sikumjibu. Jibu ni hapana, na lilikuwa jepesi.

#35 Kichwa Maji

Mkuu mimi utani nimeuacha hapa.

#36 Mzee wa Maboksi

Nimeangalia nauli. Desemba ni ghali sana. Februari nafuu. Nitarudi kusema.

#37 Bi Mkubwa wa Tanga

Si kuangalia. Kata.

#38 Nesi wa Zamu

Mtoto wa Tatu, mengine nawaachia wasomi. Swali la kazini: godoro analolalia ni la sponji la kawaida? Miaka mitatu kwenye sponji ni mingi, tafuta godoro la upepo, yapo ya mtumba mazuri. Na visigino unavitazama? Watu wanatazama makalio na mgongo wanasahau visigino, hasa upande usiosikia. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie visiguse shuka. Akiwa na wekundu usioondoka ukibonyeza kwa kidole, usisugue.

#39 Mtoto wa Tatu

Sponji ya kawaida, inchi sita.

Nimekwenda kutazama sasa hivi. Kisigino cha kulia kina wekundu, nimebonyeza hauondoki. Mto nimeweka. Hilo godoro nalipataje, na linatumia umeme muda wote?